Vyombo Vimefika Njia Panda, Nyumba Iko Mlimani

Anayehamisha vyombo kutoka Dar es Salaam kwenda Lushoto huuliza swali moja: bei gani? Mwenye lori naye huuliza lake: Lushoto mjini au wapi? Akijibiwa "juu kidogo ya mjini", anataja bei, wanapatana, na ugomvi wa siku ya kushusha unakuwa umeshazaliwa. Hiyo "juu kidogo" yaweza kuwa kilomita nane za udongo mwekundu, kona mbili ambazo lori haliwezi kuzikata bila kurudi rivasi mara tatu, kisha njia ya miguu katikati ya migomba hadi mlangoni. Dereva ametaja bei ya lami. Mwenye vyombo anaamini amelipia hadi sebuleni.

Makala haya ni kwa ajili ya mstaafu anayerudi kwao, mwalimu au muuguzi aliyepewa barua ya uhamisho kwenda shule au zahanati ya mlimani, na mtoto anayewahamisha wazazi wake. Wote hawa wanahitaji kujua jambo moja mapema. Kipande cha mwisho, kuanzia gari linaposimama hadi mlangoni, ni kazi inayojitegemea: kina watu wake, vifaa vyake, muda wake na bei yake. Kipange hicho kwanza, ndipo utafute lori. Wengi hufanya kinyume, wakajikuta saa kumi na moja jioni wakiwa na friji, kabati la mninga na magodoro kando ya barabara, wingu limetanda, na vijana wa pale wanataja bei ambayo wanajua huna namna ya kuikataa.

Anza kwa kuitembea njia kwa miguu. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mtume mtu aliyewahi kuendesha gari au kufanya kazi ya utingo, maana asiyejua magari huona njia pana mahali ambapo dereva anaona kona ya kumlaza. Aende na tepu ya kupimia. Apime upana wa pale pembamba kuliko pote: langoni, darajani, na kati ya ua wa jirani mmoja na ua wa mwingine. Apime pia kimo cha tawi la chini kabisa na cha nyaya za umeme zinazokatiza njia. Nyaya zinazotoka kwenye nguzo kwenda kwenye nyumba za watu huning'inia chini kuliko tunavyokumbuka, na lori lililopakiwa hadi juu ya bodi linaweza kuzizoa. Kuna vijana hodari wanaopanda juu ya mzigo na kuuinua waya kwa mti ili gari lipite. Wazuie. Mti mbichi hupitisha umeme, na hakuna kabati linalolingana na uhai wa mtu. Waya ukiwa chini mno, toa taarifa TANESCO mapema, na kama haujarekebishwa siku yako ikifika, vyombo vishuke kabla ya kuufikia.

Daraja la magogo likaguliwe kutokea chini, kwa sababu juu lina udongo na majani yanayoficha uozo. Halafu waulize watu swali jepesi: gari gani kubwa lililopita hapa mwezi huu, na lilikuwa limebeba nini? Mwulize mwenye duka la karibu kreti zake za soda hufikaje, na aliyejenga nyumba mwaka huu kokoto na matofali yake yaliletwa na gari gani. Ukiambiwa lori la mchanga lilipita wiki iliyopita na likarudi salama, umepata jibu la kuaminika. Ukiambiwa kila mwenye mchanga humwaga pale njia panda na watu hubeba kwa ndoo, hilo nalo ni jibu, na usijidanganye kwamba kwako itakuwa tofauti.

Mlima nao unapimika, wala huhitaji mtaalamu. Mafundi ujenzi wengi wana mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wanaoutia maji ili kupata usawa wa msingi. Azima huo. Chagua kipande kikali kuliko vyote, pima mita 10 za njia, kisha tumia maji ya mpira kuona mwisho wa juu umezidi wa chini kwa kimo gani. Ukipata nusu mita, lori la kawaida litapanda bila maneno. Ukipata mita 1, litapanda pakiwa pakavu na dereva akiwa mzoefu. Ukikaribia mita 2, mwambie dereva namba hiyo kwa simu na umsikilize anavyobadilika sauti. Hapo ndipo injini hulia, magurudumu ya nyuma husaga kokoto, na gari lenye mzigo huanza kurudi nyuma taratibu. Mlima wa aina hiyo unahitaji lori linalovuta kwa magurudumu yote, au mzigo upunguzwe nusu, au lori lisipande kabisa.

Jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu ni mahali pa kugeuzia. Gari likishafika na kushusha, litatokaje? Lori linaloteremka rivasi kwenye kijia chembamba, giza limeingia, upande mmoja ni korongo, ni hatari kuliko lilivyokuwa likipanda na mzigo. Kama juu hakuna uwanja wa kugeuza, tafuta uwanja wa shule, wa kanisa au wa msikiti ulio karibu na uombe ruhusa mapema. Usipoupata, basi afadhali lori lipande rivasi tangu chini, pua ikitazama njia ya kutokea, na dereva akubali hilo kabla hajaondoka mjini.

Siku hizi watu hutuma video kwa simu na kudhani wamemaliza. Tuma, lakini ujue kwamba picha huulaza mlima. Mteremko unaokukata pumzi huonekana kwenye simu kama uwanja wa mpira. Msimamishe mtu mzima katikati ya njia, umpige picha akiwa chini na wewe ukiwa juu, kisha kinyume chake, ili dereva aone vimo. Nukta ya ramani unayomtumia iwe ya mahali gari litakaposimama, sio ya nyumba. Ramani ya simu haijui tofauti ya barabara na njia ya mbuzi. Inachora mstari na kumwambia dereva apite. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa nchini kuanzia mwaka 2022 vinasaidia kumtambulisha mwenye nyumba, ila kibao hakisemi kama kenta inafika.

Tukija kwenye magari, wengi wanadhani gari kubwa ni unafuu kwa sababu vyombo vyote vinakwenda mara moja. Hiyo ni kweli hadi lami inapoishia. Lori kubwa lina upana wa takribani mita 2.5 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Kenta nyembamba ina kama mita 1.7, ile pana inafika mita 2 na zaidi. Kirikuu, yaani vile vigari vidogo vya mizigo kutoka Japani, vina upana usiozidi mita 1.48 na urefu usiozidi mita 3.4, kwa sababu sheria ya huko imeviwekea mipaka hiyo, na vilitengenezwa kubeba kilo 350. Ukiweka namba hizi kando ya vipimo vya njia yako, uamuzi unajitokeza wenyewe. Mara nyingi jibu ni magari mawili: fuso au kenta hadi mahali pa kushushia, kisha kirikuu, toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) au gari la wazi linalovuta kwa magurudumu yote kwa safari kadhaa hadi nyumbani. Watu hupakia kwenye kirikuu mara mbili ya uwezo wake, na kwenye tambarare hurudi salama. Mlimani usithubutu. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Hesabu kwa kipimo hicho, halafu kubali safari za ziada.

Bodaboda zinafaa kwa masanduku, ndoo za vyombo, magunia ya nguo na viti vya plastiki. Zisipewe friji wala godoro la futi sita. Godoro hilo hukamata upepo, na dereva wa pikipiki kwenye kona ya mlima hana cha kushikilia.

Mahali pa kushushia pachaguliwe kwa uangalifu kama unavyochagua nyumba. Pawe tambarare, pasiwe kwenye mkondo wa maji, pasizuie njia ya watu wengine, na pawe karibu na nyumba ya mtu unayemwamini ambaye atakubali vyombo vilale kwake mvua ikikatisha kazi. Tandika turubai chini na uwe na jingine la kufunika. Mzee mmoja wa pale, jirani au ndugu, akae kwenye kiti hapo tangu kifurushi cha kwanza kishuke hadi cha mwisho kiondoke, akiwa na daftari la orodha ya vitu. Wapandishaji wakienda na kurudi, macho ya mwenye mali yako juu nyumbani, na huku chini ndiko redio na pasi hupotelea.

Sasa dereva umpate wapi? Kwa Lushoto, ushauri wangu ni mwepesi: tafuta malori yanayoshusha kabichi, karoti na matunda katika masoko ya Dar es Salaam. Madereva wake wanaijua barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni kona kwa kona, wanajua ni kijiji gani hakifikiki mvua ikinyesha, na wakati wa kurudi magari yao mara nyingi ni mepesi, kwa hiyo bei inazungumzika. Hali ni hiyo hiyo kwa malori ya ndizi kutoka Kilimanjaro na ya viazi kutoka Njombe. Dereva wa namna hii ukimtajia kitongoji chako, atakuuliza: "Ni kabla ya ule mto au baada?" Swali hilo peke yake linakutosha kujua uko kwenye mikono salama. Kampuni za kuhamisha vyombo za mjini zina faida zake: makaratasi, mablanketi ya kufungia, vijana waliozoea kufungua vitanda na makabati. Lakini dereva wa mjini ambaye hajawahi kupanda milima ya Usambara, iliko Lushoto, hujifunzia kwenye vyombo vyako. Ukipenda, changanya: watu wa kampuni wafunge na kupakia, lori la mboga lisafirishe. Bodi ya lori lililobeba kabichi ioshwe na kukauka kwanza, maana maji yaliyobaki kwenye mbao hupanda kwenye godoro njia nzima.

Mapatano yaandikwe. Karatasi moja ya daftari inatosha, wote wawili waweke sahihi, kila mmoja abaki na nakala au picha yake. Yaandikwe mambo ambayo watu huyaonea aibu kuyasema: gari litafika hadi wapi, kwa kutaja alama inayojulikana, nani anabeba kutoka hapo; gari likinasa, nani analipia kuvutwa; mvua ikizuia kushusha hadi kesho yake, dereva na utingo watalala wapi na siku hiyo inalipwaje; kitu kikivunjika kwenye gari ni cha nani, na kikivunjikia mgongoni mwa mbebaji ni cha nani. Kuhusu gari kunasa, haki ninavyoiona ni hii: kama dereva aliiona njia au alipewa vipimo vya kweli akakubali, gharama ni yake; kama ulimficha, ni yako. Mwenye mzigo anayesema "barabara ni nzuri tu" ili apunguziwe bei anajichimbia shimo.

Fedha usizilipe zote mapema. Tanguliza kiasi cha mafuta na cha kumhakikishia kwamba upo, sehemu nyingine itolewe mzigo ukifika mahali pa kushushia, na iliyobaki baada ya kuhesabu vitu. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Mtumishi wa umma anayehamishwa kikazi adai risiti halali tangu mwanzo, kwa sababu mhasibu hapokei maelezo ya mdomo. Na kuhusu bima watu hujidanganya sana. Bima ya lazima ya chombo cha moto, ile ambayo kila gari lazima liwe nayo, inawahusu watu wengine watakaodhurika na gari hilo; vyombo vyako vilivyomo ndani haivilipii. Bima ya mizigo inayosafirishwa ni nyingine, na unapaswa kuiuliza kwa jina hilo. Hakikisha pia lori lina leseni ya kubeba mizigo kutoka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Gari lisilo na karatasi zake likikamatwa njiani, vyombo vyako hulala kituoni pamoja nalo.

Nirudi kwenye njia, maana hapa ndipo wageni na hata wenyeji waliokaa mjini muda mrefu wanapokosea vibaya. Njia ya kwenda nyumbani kwako kijijini mara nyingi inapita kando ya mali za watu, na pengine juu yake. Kule Kilimanjaro, kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vya Kibosho, Marangu au Rombo, mpaka wa kihamba huonyeshwa na mstari wa masale. Kwa asiyejua, masale ni majani ya kijani tu, marefu, yaliyopandwa pembeni. Kwa Mchaga ni alama ya mpaka na alama ya amani. Ndiyo hupelekwa anapoombwa msamaha mtu aliyekosewa. Lori likikanyaga masale na kuyang'oa, umegusa mpaka wa ardhi ya mtu siku yako ya kwanza, na kesi ya namna hiyo yaweza kudumu kuliko nyumba uliyoijenga. Huko huko kuna mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba. Gurudumu likibomoa ukingo wa mfongo, wa chini yako wanakosa maji zamu yao. Na kila mahali kuna mabomba ya plastiki yaliyofukiwa kiganja kimoja tu chini ya udongo. Fuso yenye mzigo hulipasua bomba hilo bila dereva kuhisi chochote. Utajua jioni, majirani watakapokuja na ndoo tupu.

Kwa hiyo, kama wiki moja kabla, pita nyumba kwa nyumba kwenye kipande hicho. Usitume ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe au mtume mkubwa wa familia. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, halafu sema shida yako: "Mama, Jumamosi vyombo vyangu vinapita hapa, naomba unionyeshe bomba lako linapita wapi." Atakuonyesha, na pengine atakuambia na la jirani. Weka alama kwa vijiti. Siku yenyewe, pale bomba linapokatiza, lundika magunia yaliyojazwa udongo kila upande na ulaze mbao nene juu yake, ili uzito ubebwe na mbao. Mweleze pia mwenyekiti wa kitongoji. Kama unahitaji kukata tawi au kufukia shimo kwenye njia ya wote, ruhusa itoke kwake. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na kalavati lililobomoka ni la kuripotiwa huko kupitia ofisi ya kijiji. Lakini usipange tarehe yako kwa kutegemea kwamba litakuwa limejengwa. Kijia chako cha ndani ni jukumu lako. Safari mbili tatu za kifusi au moramu, zilizoshindiliwa siku kadhaa mapema, hugharimu kidogo kuliko kulivuta lori lililonasa.

Udongo nao una tabia zake. Wekundu wa Usambara ukikauka unabeba gari vizuri, ukilowa juu unateleza hata ukitembea peku. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na pande hizo, unadanganya zaidi: uso unaonekana mkavu, ndani bado ni uji, na lori huzama hadi kwenye ekseli likiwa limesimama tu. Mchanga wa pwani unahitaji magurudumu yapunguzwe upepo kidogo na dereva asikanyage breki ghafla. Kwa mikoa ya kaskazini na pwani, epuka masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba uingie kwa tahadhari. Nyanda za juu kusini, Njombe na Makete, zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ya kuhamia milimani. Kama barua ya uhamisho imekuja Aprili na huna hiari, hamia na begi, godoro na vyombo vya kupikia, mzigo mwingine uufuate Julai. Hilo linawezekana kwa watu wengi kuliko wanavyokubali.

Tena sio kila kitu kinastahili kupanda mlima. Nawasihi watu wafikirie kabati la nguo la milango sita lililojengewa chumbani mjini. Ni zito, halifunguki, halipiti kwenye kona ya njia wala mlangoni. Liuze. Seremala wa kule atakutengenezea lingine ndani ya chumba chenyewe, kwa mbao za kule, na fedha itabaki kijijini ulikohamia. Kwenye vitongoji vya Uluguru, juu ya Morogoro, ambako hakuna gari linalofika na kila bati na kila mfuko wa saruji umepanda kichwani mwa mtu, hesabu hii haina mjadala.

Unavyofunga vyombo, kumbuka vitabebwa mara mbili. Sanduku moja lisizidi kilo 20 hivi, kwa sababu kilo 40 zinazobebeka kwenye ngazi za ghorofa mjini hazibebeki kwenye utelezi wa mlima. Vitabu viende kwenye masanduku madogo. Vitanda, meza na makabati yanayofunguka yafunguliwe, na nati zake ziingie kwenye mfuko uliofungwa kwenye ubao wa kichwa wa kitanda hicho hicho. Kioo cha kabati kitoke na kisafiri katikati ya magodoro. Friji isafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa wakati wa kupanda, isimamishwe usiku mzima kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, usimame wima na usafiri mahali penye hewa. Ule unaoitwa wa kilo 15 una kilo hizo za gesi tupu, uzito wa chuma haumo, basi mbebaji aambiwe ukweli. Betri ya sola ya maji isilale hata dakika moja.

Kwenye bodi ya lori, vizito vikae chini na karibu na kichwa cha gari, vyepesi juu na nyuma. Lakini panga pia kwa kufikiria kushusha: vitu vya usiku wa kwanza, yaani godoro moja, mablanketi, jiko, sufuria, taa na maji, viwe vya mwisho kupakiwa ili viwe vya kwanza kupanda. Hata kazi ikikatika, mtalala na kula. Watu wasikae juu ya mzigo. Najua ni desturi, vijana huambiwa wakae kule juu washikilie sofa. Gari likiinama kwenye mtaro, sofa na kijana huanguka pamoja.

Wabebaji wapatikane palepale kijijini, kupitia mwenyekiti wa kitongoji au jirani anayeheshimika, na bei ipatanwe siku kabla. Vijana wa pale wanajua jiwe gani linateleza, na wana haki ya kwanza kwenye kibarua kinachopita mlangoni kwao. Lipa kwa kazi nzima, sio kwa kichwa cha mzigo. Anayelipwa kwa kila mzigo hukimbia, na anayekimbia mlimani huanguka. Wagawe wapokezane: kundi moja hadi kwenye mti ulio katikati ya njia, jingine kutoka hapo hadi nyumbani, hivyo hakuna anayepanda mlima wote na uzito. Friji na mashine ya kufulia vibebwe na watu wanne, na wa tano atangulie akitazama chini na kusema "jiwe", "shimo", "ngazi". Wape maji ya kunywa mapema, na chakula cha mchana kiwe cha kushibisha. Mtu aliyebeba tangu asubuhi bila kula ndiye anayelegeza mkono saa tisa.

Lori linapopanda kipande kikali, tazama utingo anafanya nini. Utingo mzuri hakai ndani. Anatembea nyuma, upande ambao dereva anamwona kwenye kioo, mkononi ana kabari ya mti mgumu yenye mpini mrefu kiasi. Gari likisita, anaisukuma kabari chini ya gurudumu la nyuma na kurudi pembeni, dereva anapumzisha injini, anapanga gia, wanaendelea. Hasimami kamwe moja kwa moja nyuma ya gari, wala hatumii jiwe la mviringo aliloliokota njiani. Kama gari ulilokodi halina kabari na halina kamba ya kuvutia, vitafutwe kabla lami haijaisha. Na watoto wote wa kijiji, ambao watakuja kutazama kwa furaha, wawekwe juu ya ukingo pamoja na mtu mzima.

Panga lori lifike mahali pa kushushia saa moja au saa mbili asubuhi. Milimani mvua hupenda kuja mchana kugeukia jioni, na kushusha huchukua muda mrefu kuliko kupakia. Ikibidi dereva na utingo walale Mombo, Moshi au Makambako, lipia usiku huo. Epuka siku ya gulio, kwa kuwa njia hujaa watu na wabebaji wote wana kazi nyingine.

Basi kabla hujatoa hata shilingi ya kutanguliza, mpigie dereva, mpe upana, kimo, mlima na mahali pa kugeuzia, kisha mwombe aje aione njia au amtume utingo wake, kwa nauli yako. Akikataa na kusema "wewe usijali, tutafika", mshukuru, kata simu, umtafute mwingine.